Krapi wanapopanda kutaga Ziwa Kentucky: soma maji kabla hujafungua kopo la chambo

Kuanzia wiki ya mwisho ya Machi, viwanja vya kushushia boti kuzunguka Ziwa Kentucky hujaa magari yenye trela, na jioni wengi wa wenye magari hayo huondoka na ndoo nyepesi. Samaki hawajahama ziwa. Watu wamevua kwa kalenda: mwaka jana tarehe 10 Aprili krapi walikula kwenye kisiki fulani, basi mwaka huu tarehe 10 Aprili wamerudi kwenye kisiki kilekile. Krapi hufuata joto la maji, mwanga unaofika chini, na kina cha ziwa, ambacho hapa hupandishwa na kushushwa kwa ratiba ya binadamu. Kuna mwaka vitu hivyo vitatu huja pamoja, na kuna mwaka kimoja hutangulia kingine kikachelewa. Kisiki cha mwaka jana hakijui hayo.

Kwa aliyehamia Louisville au Lexington juzijuzi na hajamjua: krapi ni samaki bapa wa maji baridi ya Amerika Kaskazini. Kwa mbali utadhani sato, ila ni mwembamba zaidi ukimtazama kwa juu, na mdomo wake ni mkubwa, wenye ngozi nyembamba kiasi kwamba ukimwinua kwenye jua mwanga unapenya. Kumbuka ngozi hiyo, tutairudia. Madukani ameandikwa crappie, neno lililotoka kwenye Kifaransa cha Kanada, na wenyeji wengi hulitamka "kropi". Ni wa ukoo mmoja na bass waliopandikizwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani miaka ya 1920.

Wako wa aina mbili. Mweupe, Pomoxis annularis, ana mistari ya kusimama ubavuni na miiba 5 au 6 mbele ya pezi la mgongoni. Mweusi, Pomoxis nigromaculatus, ana madoa yaliyotapakaa ovyo na miiba 7 au 8. Hesabu miiba, rangi isikudanganye: wakati wa kutaga, dume la krapi mweupe hugeuka kooni na kifuani likawa jeusi kama masizi, na kila mwaka kuna mtu bandarini anayeapa kwamba ndoo yake yote ni ya weusi. Kumtambua kuna faida. Mweusi hupenda maji maangavu, kokoto na majani ya majini, mweupe huvumilia tope na hupenda visiki na matawi. Upande wa mashariki wa ziwa, kwenye ghuba zenye kingo za changarawe, utegemee weusi wengi zaidi. Kwenye hori za magharibi zenye matope, weupe.

Kuna rekodi za dunia za kutamanisha: mweupe wa kilo 2.35 aliyevuliwa Enid, Mississippi, mwaka 1957, na mweusi wa kilo 2.47 aliyetoka kwenye kidimbwi cha Tennessee mwaka 2018. Utakayemtia wewe kwenye ndoo atakuwa wa robo kilo. Akifika nusu kilo, piga picha.

Namba mbili za ziwa

Ziwa Kentucky ni bwawa. TVA, shirika la serikali kuu linalosimamia Mto Tennessee, lilikamilisha ukuta wa Kentucky Dam mwaka 1944, maji yakarudi nyuma maili 184 hadi ndani ya jimbo la Tennessee. Jirani yake mashariki ni Ziwa Barkley la Mto Cumberland. Mfereji umeyaunganisha maziwa haya mawili, na katikati yao kuna msitu wa Land Between the Lakes. Hayo ni ya mtalii. Ya mvuvi ni namba mbili, 354 na 359.

Majira ya baridi TVA huliweka ziwa kwenye futi 354 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia tarehe 1 Aprili huanza kulijaza, kwa lengo la kufika futi 359 ifikapo 1 Mei. Hizo futi 5 ni mita moja na nusu, na zinabadilisha kila kitu ukingoni. Kandokando ya ghuba kumeota kichaka ambacho wenyeji hukiita buckbrush, kitaalamu Cephalanthus occidentalis: mashina mengi membamba na magumu yanayochipuka kwenye kitako kimoja, yamesongamana kama fagio lililogeuzwa. Machi kichaka hiki kimesimama juu ya tope. Mwishoni mwa Aprili kitako chake kiko chini ya maji ya kufika kiunoni, na krapi wamejaa ndani yake kama kuku bandani.

Ugomvi unaanzia hapa, maana joto halingoji TVA. Machipuko yakiwa ya joto, maji yanafika nyuzi za kutagia wiki ya pili ya Aprili wakati vichaka bado viko nje au vina maji ya kifundo cha mguu. Krapi hawasubiri. Watataga kwenye visiki, kwenye kokoto na kwenye vijiti vilivyosimikwa, mita 10 au 20 mbele ya vichaka. Mvuvi anayeng'ang'ania vichaka kwa sababu mwaka jana vilimlipa atapiga majani siku nzima. Mvua kubwa ikinyesha, nayo huweza kulipandisha ziwa siku mbili tatu kupita ratiba, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, na samaki wakaingia vichakani kwenye kina cha sentimita 50 tu. Kwa hiyo kabla ya kufunga trela, tazama kiwango cha ziwa, TVA hukitangaza kila siku, na uangalie hasa kama kinapanda au kinashuka. Maji yanayopanda huwaingiza samaki ndani. Yanayoshuka huwatoa upesi, hata kama yameshuka kwa kiganja kimoja, na mahali pa kwanza pa kuwatafuta ni kichaka cha mwisho upande wa kilindini, au kisiki cha kwanza nje yake.

Joto, na jinsi ya kulipima bila kujidanganya

Nitatumia Farenhaiti maana ndiyo iliyo kwenye sona zote za huku, yaani vile vyombo vya boti vya kutafutia samaki kwa mawimbi ya sauti. Chini ya 50 (10 za Selsiasi), krapi wako kwenye kingo za mikondo ya zamani ya mto, mita 5 hadi 8. Kati ya 50 na 58 wanaanza kuingia kwenye midomo ya hori na kukaa kwenye mita 3 hadi 5, wamekusanyika, wanakula ili kupata nguvu. Huu ndio wakati wa samaki wakubwa kwa wenye boti. Kuanzia 58 hivi madume hutangulia ukingoni. Kutaga kwenyewe ni kati ya 60 na 68 (karibu 16 hadi 20 za Selsiasi). Yakipita 70, majike yameshaondoka na madume yanafuata.

Kipimajoto cha sona kiko juujuu, sentimita chache chini ya uso wa maji. Saa tisa alasiri ya siku tulivu kitakuonyesha 66 huku mita moja chini ni 61. Mtu anasoma 66, anakimbilia vichaka, hakuna kitu. Nunua kipimajoto cha bei rahisi cha tangi la samaki wa mapambo, kifunge kwenye uzi wenye fundo kila nusu mita, kishushe mpaka kina unachotaka kuvua, kiache dakika mbili, kipandishe haraka usome. Fanya hivyo asubuhi mapema. Maji yaliyolala usiku na joto lake ndiyo yanayowashawishi samaki, mchana wa jua kali peke yake hauwatoshi.

Ukingo wa kaskazini wa ghuba hutangulia kupata joto. Unatazama kusini, unapigwa na jua mchana kutwa, na upepo wa baridi kutoka kaskazini unapita juu yake. Tofauti ya nyuzi 3 au 4 kati ya kingo mbili za ghuba moja ni jambo la kawaida. Ndiyo sababu kutaga hakuishi wiki moja: wiki ya kwanza ukingo wa kaskazini, kisha ghuba za ndani zaidi, mwisho kingo za kusini zenye kivuli. Anayetangaza kwamba "wameshamaliza" mara nyingi amevua ukingo mmoja tu. Wazee wa huku hutazama maua meupe ya mti wa dogwood msituni, yakifunguka wanashika fimbo. Si ishara mbaya, lakini mti husoma joto la hewa na samaki anasoma la maji.

Mwanga ndio unaoamua kina. Fungia kifuniko cheupe cha kopo kwenye uzi pamoja na kitu kizito, kishushe upande wa kivuli wa boti mpaka kipotee machoni. Kikipotea kwenye sentimita 50, viota vitakuwa kwenye kina hicho au kuzidi kidogo, tuseme nusu mita hadi mita moja. Kikionekana mpaka mita moja na nusu, anza kutafuta kwenye mita 2 na ushuke hadi 3. Kipimo hiki kinakuchukua nusu dakika na kinaokoa asubuhi nzima. Ghuba mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana kabisa, moja inapokea kijito chenye matope na nyingine haina kijito.

Dume ndilo lenye kiota. Waliozoea kuona madume ya sato yakichimba mashimo kwenye mchanga wa Ziwa Victoria wafikirie kitu kama hicho, ila bila shimo la kuonekana: krapi husafisha tu eneo la ukubwa wa sahani karibu na shina au jiwe. Jike la sato hubeba mayai mdomoni. Jike la krapi humwaga yake, yenye kunata, kwenye kokoto na mizizi, kisha hurudi kwenye maji ya mita 2 au 3, na huweza kutaga kwa awamu kwa zaidi ya dume mmoja. Dume hubaki kuyapepea kwa mapezi na kufukuza kila kinachosogea. Mayai huanguliwa baada ya siku 2 hadi 5 kulingana na joto. Siku hizo dume halitafuti chakula, lakini kijigi, yaani ndoano yenye kichwa cha risasi na mkia wa nyuzi, manyoya au mpira laini, kikining'inia juu ya kiota litakipiga kwa hasira. Kwa hiyo ukishika madume meusi matupu kichakani, majike manono yako nyuma yako, upande wa kilindini. Geuka, tupa huko.

Fimbo, mshipi na mengineyo

Fimbo ndefu ndiyo ya kazi hii: futi 10 hadi 12, nyepesi, ncha laini lakini kiuno kigumu. Fimbo fupi ya kurushia inafaa kwenye kokoto na gati, kwenye buckbrush haifai, kwa sababu ukirusha utanasa na ukivuta utatikisa kichaka kizima. Mshipi unaohimili mvuto wa pauni 8 hadi 10 ndani ya vichaka, 4 hadi 6 kwenye maji maangavu. Jigi iwe ya 1/16 ya aunsi kwa siku nyingi. Ukiwepo upepo ongeza hadi 1/8, samaki wakiwa wagumu punguza hadi 1/32. Rangi zinabishaniwa mno. Maji ya tope: manjano-kijani inayong'aa pamoja na nyeusi, au chungwa. Maji maangavu: nyeupe, kijivu, buluu iliyopauka. Zaidi ya hapo ni biashara ya maduka.

Kinachopuuzwa ni jinsi jigi inavyoning'inia. Inapaswa kulala mlalo majini kama kisamaki kinachoogelea. Ukifunga fundo la kukaza na likateleza kuelekea mbele ya tundu, jigi inaning'inia kichwa juu mkia chini, na krapi anaitazama tu. Funga fundo la kitanzi kilicho wazi, au lisogeze fundo la kukaza mpaka juu kabisa ya tundu, na ulitazame upya baada ya kila samaki, maana kila anayevutwa hulisogeza.

Wa chambo hai wanatumia visamaki vya urefu wa sentimita 4 hadi 5. Kitoboe midomo yote miwili kutoka chini kwenda juu, au nyuma ya pezi la mgongoni bila kugusa uti, ukigusa kimekufa. Ndoano iwe ya waya mwembamba, namba 2 au 4. Wembamba huo una sababu: ikinasa kwenye mti, vuta polepole kwa nguvu moja, inanyooka na kutoka, kisha unaikunja upya kwa koleo. Baada ya kuikunja mara tatu itupe, chuma kimechoka. Ndoo ya chambo isijazwe maji ya bomba, klorini huua. Wala usitie barafu ya maji ya bomba moja kwa moja, gandisha chupa iliyofungwa uizamishe. Na kinachobaki jioni usikimwage ziwani, wala usichote visamaki chini ya bwawa ukavihamishia kwingine. Makinda ya kapi wa fedha, yule mgeni kutoka Asia aliyelivamia ziwa hili, yanafanana sana na vidagaa vya huku.

Boya la kuteleza hupangwa hivi kutoka juu: fundo dogo la uzi juu ya mshipi, ushanga, boya, kipira cha risasi cha kubana, halafu ndoano sentimita 20 hadi 30 chini yake. Ukisahau ushanga, fundo linapita ndani ya boya na chambo kinaenda kulala tope. Fundo likiwa nene linakwama kwenye ncha ya fimbo. Risasi ikiwa ndogo boya linalala ubavu, nawe hutajua lini samaki amekula. Liongezee mpaka ibaki ncha ya sentimita moja juu ya maji.

Kabla hawajapanda, wakiwa bado kwenye kingo za mkondo, kuna mtego uliopewa jina la ziwa lenyewe: chubwi la nusu aunsi hadi aunsi nzima mwishoni mwa mshipi, na ndoano mbili juu yake, zikiachana karibu nusu mita. Chubwi hugusa chini, mshipi unasimama wima, boti inasogezwa polepole kwa injini ya umeme juu ya ukingo wa mkondo. Unavua vina viwili kwa pamoja, na mkono unahisi kila gogo.

Ndani ya kichaka

Krapi hutazama juu. Macho yake yamekaa karibu na utosi, naye hupanda kufuata chambo kwa urahisi lakini ni nadra ashuke. Kosa ninaloliona kuliko yote ni kuvua chini ya samaki. Kama kina ni mita moja, chambo kikae sentimita 60 au 70. Ukikosea, kosea kwa kuwa juu.

Ikaribie buckbrush kutoka upande wa kilindini, dhidi ya upepo ukiweza, ili boti isikusukume juu yake. Injini ya umeme kwa kasi ndogo, nanga isitupwe. Mshipi unaotoka nje ya ncha usizidi urefu wa fimbo. Elekeza ncha juu ya tundu kati ya mashina, upande wa kivuli kwanza, shusha jigi wima. Iache. Hesabu hadi kumi bila kuitikisa, maana mkono wako na upepo vinatosha kuitetemesha. Kama kimya, pandisha kiganja kimoja, hesabu tena, toka kwa njia uliyoingilia, nenda tundu linalofuata. Matundu matatu au manne kwa kichaka, kisha kingine. Ukimpata mmoja, rudia tundu lilelile, kwa sababu viota hukaa kwa ujirani.

Alama ya kuliwa si kila mara mvuto. Samaki anatoka chini, anameza, anaendelea kupanda nayo, kwa hiyo unachokiona ni mshipi uliolegea ghafla kama jigi imetua juu ya kitu. Kwenye boya ni hivyohivyo: boya lililosimama linalala ubavu bila kuzama. Wasiojua hudhani limeharibika na kuanza kulirekebisha, na samaki anatema. Mshipi ukilegea, inua. Inua, sikusema kupiga. Ile ngozi ya mdomo inachanika kwa mtikiso mmoja, na tundu likishapanuka ndoano inaanguka samaki akiwa nusu hewani. Nyanyua fimbo kwa mwendo mmoja, mtoe wima juu ya matawi, na akiwa mkubwa mtilie kimia cha mkono akiwa bado majini.

Sona za kisasa za kutazama mbele zimeupindua uvuvi wa krapi kwenye maji ya kina, mtu anamwona samaki na jigi yake kwenye kioo kimoja. Kwenye kichaka chenye maji ya magotini utaona matawi tu. Zima, okoa betri.

Kuna pia vijiti vilivyosimikwa. Wavuvi wa hapa tangu zamani huvichomeka kwenye sakafu ya ziwa kwa makundi, mara nyingi vile vya kutundikia tumbaku ambavyo Kentucky haikosi. Kundi moja linaweza kuwa na vijiti kadhaa vilivyoachana hatua fupi. Vingi viko mbele tu ya mstari wa vichaka, na ndivyo vinavyookoa siku pale joto linapotangulia maji. Ukitaka kusimika vyako, uliza kwanza TVA au idara ya wanyamapori ya jimbo kama unahitaji kibali.

Wimbi la baridi

Hili ndilo linalowavunja watu moyo. Siku tatu za joto, samaki wamejaa ukingoni, kisha usiku mmoja upepo wa kaskazini, na asubuhi mbingu ni buluu tupu na maji yameshuka nyuzi 4 au 5. Vichaka vinakuwa kama havijawahi kuishi samaki. Hawajaenda mbali. Wamerudi kwenye mteremko wa kwanza, mita 2 hadi 3, wakajibana kabisa na visiki, na hawataki kufukuza kitu. Punguza jigi hadi 1/32, tia kisamaki hai kwenye ndoano yake, ishushe karibu kugusa mti, uiache nusu dakika nzima. Sehemu tatu zivuliwe kwa subira badala ya thelathini kwa haraka. Madume ambayo tayari yanalinda mayai huweza kubaki kwenye viota hata hivyo, basi jaribu kichaka kimoja viwili kabla ya kuondoka. Siku ya pili ya jua, alasiri, mambo huanza kurudi.

Asiye na boti asikate tamaa, huu ndio mwezi wake. Matuta ya mawe ya barabara zinazokatisha ghuba hushika joto na krapi weusi hutaga palepale kwenye mawe. Tembea, tupa boya mita 3 hadi 6 kutoka ukingoni sambamba na mawe, kina mita moja, dakika tano kila sehemu. Magati na ukingo wa Land Between the Lakes pia. Msitu ule una kupe wengi, ingiza suruali ndani ya soksi. Wa boti, jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe: maji ya nyuzi 60 humaliza nguvu za mikono haraka kuliko unavyodhani.

Leseni ya Kentucky huanza tarehe 1 Machi na kuisha mwisho wa Februari, kwa hiyo ya mwaka jana imeshakufa. Krapi wa kubaki naye ziwa hili asipungue inchi 10, sawa na sentimita 25.4, akipimwa mdomo umefungwa na mkia umebanwa. Mpime hapohapo, na usimkate kichwa wala kumtoa mnofu ukiwa bado majini. Idadi ya samaki wanaoruhusiwa kwa siku na mipaka ya leseni kwa upande wa Tennessee ni ya kusomwa kwenye kijitabu cha mwaka huu, si cha rafiki yako.

Ukishamtoa majini, weka kwenye barafu mara moja. Nyama ya krapi ni laini, na wale wanaoburutwa kwenye kamba kando ya boti mchana kutwa hufika nyumbani wamelegea. Waamerika humtoa minofu miwili, ngozi na mbavu vikatupwa, wakampaka sembe ya manjano na chumvi na kumzamisha kwenye mafuta ya nyuzi 360 hadi 375 (karibu 180 hadi 190 za Selsiasi) dakika 3 au 4. Minofu ikaushwe kwa karatasi kwanza, na usijaze sufuria, mafuta yakipoa sembe inanyonya. Wa inchi 10 hadi 11 mimi namwona mzuri zaidi akiwa mzima: mparue magamba kutoka mkiani, toa matumbo na matamvua, mkate chale tatu kila ubavu hadi kugusa mfupa, paka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mwache robo saa, mfute, mkaange. Chale hizo zisogeleane, kwa sababu miiba yake ni membamba kuliko ya sato na hukaangika ikavunjika mdomoni palipokatwa tu.